Gari Kuukuu Kwenye Foleni: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Injini Kuchemka Nairobi

Sindano ya joto ikipanda ukiwa umekwama Pangani, kisha ikashuka yenyewe barabara ikifunguka pale Muthaiga, gari limeshakuambia linaumwa wapi. Shida iko kwenye upepo: feni, kava ya feni, au uchafu ulioziba mapezi ya rejeta. Likitulia kwenye foleni lakini likachemka kwenye mwinuko wa kwenda Limuru au likikimbia Mombasa Road, shida iko kwenye mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, themostati (vali inayofungua njia ya maji injini ikipata joto) iliyokwama, pampu iliyochoka, hosi inayojikunja. Likichemka popote, hata asubuhi na mapema, anza na kiasi cha maji na uvujaji, halafu ushuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wake).

Jiulize kwanza linachemkia wapi, kabla hujaenda Kirinyaga Road kununua chochote. Fundi mwingi akisikia "linachemka" hukimbilia rejeta, nayo ndiyo sehemu ghali kuliko karibu zote kwenye mfumo huu ukiacha hedi yenyewe. Gari linalochemka likiwa limesimama tu, mara nyingi rejeta yake ni nzima.

Urefu wa Nairobi na kifuniko cha rejeta

Jiji liko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji matupu kwenye sufuria huchemka yakifika nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Sasa linganisha: themostati ya injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na feni ya umeme huwaka karibu na 93. Kwa hiyo bila presha ndani ya mfumo, hata gari lisilo na kasoro yoyote lingeishi ukingoni mwa kuchemka. Hewa nayo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18, maana yake feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Ongeza jua la Februari na Machi, lami inayofuka, na moshi wa matatu lililo mbele yako ukiingia moja kwa moja kwenye rejeta.

Kinachoizuia injini isichemke ni kifuniko cha rejeta. Si kizibo tu. Kina springi inayoshikilia presha ndani ya mfumo, na maji yakiwa chini ya presha huchelewa kuchemka. Kifuniko kizima cha 0.9 (kilo za presha kwa sentimita ya mraba) hupandisha kiwango cha kuchemka hapa Nairobi hadi nyuzi 115 hivi kwa maji matupu, na zaidi ya 120 ukiwa na kulanti, ile dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kifuniko kilichokufa hukurudisha kwenye 94. Hivyo gari linaweza kuwa na feni nzima, rejeta mpya na maji tele, na bado likamwaga mvuke Nyayo Stadium kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira kilichokauka.

Kikague injini ikiwa baridi kabisa. Kifungue, ukigeuze, utazame mpira wa chini: ukiwa mgumu, umepasuka au umechora alama ya kina kuzunguka ukingo, kitupe. Katikati kuna vali ndogo ya kunyonya. Ivute kwa kucha, inapaswa kufunguka na kurudi yenyewe. Kutu na utando wa kahawia hapo ni dalili kwamba gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba.

Dalili za barabarani ni mbili. Chupa ya akiba ikijaa hadi kufurika injini ikiwa moto, na asubuhi maji hayajarudi kwenye rejeta, mpira umekwisha au hosi ndogo ya chupa imetoboka na inavuta hewa. Hosi ya juu ikinywea na kushikana injini ikipoa, ile vali ya katikati imekwama.

Unaponunua kipya, soma namba iliyochapwa juu ya kile cha zamani. Magari mengi madogo ya Japani hutumia 0.9 au 1.1, mengine yameandikwa 88 au 108, vipimo vilevile kwa kilopaskali. Usipandishe namba ukidhani unajiongezea usalama: rejeta kuukuu yenye matangi ya plastiki itapasuka mahali palipounganishwa na bati. Ukikuta kifuniko cha gari jingine ambacho "kinaingia tu", kiache. Shingo zinaweza kulingana huku urefu wa springi ukitofautiana.

Feni

Gari lililosimama halina upepo mwingine isipokuwa wa feni. Ndiyo maana sehemu hii inastahili nusu saa yako nzima. Kwanza tahadhari: feni ya umeme inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa. Ukiingiza mkono karibu na mapanga yake, toa kwanza waya hasi wa betri.

Washa injini, washa AC. Kwenye magari mengi feni, au mojawapo ikiwa ziko mbili, inapaswa kuzunguka mara moja. Ikizunguka kwa AC lakini haizunguki injini inapopata joto, mota na fyuzi si kosa. Angalia swichi ya joto, ile inayohisi joto la maji na kuamuru feni iwake. Isipozunguka kabisa, fuata waya kwa mpangilio huu: fyuzi kwanza, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayoipelekea feni umeme). Kwenye kisanduku cha fyuzi mara nyingi utakuta rilei ya honi inafanana kabisa na ya feni, zibadilishane. Feni ikiwaka na honi ikanyamaza, umepata jibu kwa gharama ya rilei moja.

Zote zikiwa nzima, ipime mota yenyewe. Chomoa soketi ya feni, chukua vipande viwili vya waya wa milimita za mraba 2.5, weka fyuzi ya ampea 20 au 30 kwenye ule wa chanya, uilishe mota moja kwa moja kutoka betri. Ikigoma, igonge kidogo mgongoni kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimekwisha. Kugonga huko kutakufikisha nyumbani leo, lakini si kesho.

Swichi ya joto huwachanganya hata mafundi. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90, kama Corolla za 100 na 110, hufanya kazi kinyume na unavyotarajia: injini ikiwa baridi saketi imefungwa, injini ikipata moto saketi inafunguka, na hapo ndipo rilei huwasha feni. Kwa hiyo ukichomoa soketi ya swichi ufunguo ukiwa umewashwa, feni inatakiwa kuzunguka. Kwenye magari mengine ni kinyume: unatakiwa kuunganisha zile nyaya mbili za soketi kwa kipande cha waya ndipo feni iwake. Feni ikiitikia jaribio lolote kati ya hayo lakini haiwaki yenyewe kwenye joto, nunua swichi, tena yenye namba ileile ya nyuzi iliyochapwa kwenye ya zamani.

Kuna feni inayozunguka na bado haifanyi kazi. Hii ndiyo inayowatesa watu kwa miezi. Shika karatasi mbele ya grili feni ikiwa inafanya kazi na gari limesimama. Karatasi inapaswa kuvutwa na kunata. Ikipeperushwa kuja kwako, nyaya za mota zimegeuzwa, jambo ambalo hutokea sana feni ikibadilishwa kando ya barabara. Ikining'inia bila nguvu, pima umeme. Mita ikiwekwa kwenye betri injini ikiwa inanguruma polepole, ikiwa na taa na AC, isome walau volti 13.5, kisha pima kwenye soketi ya feni ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna ungio lililooza au waya wa bodi uliojaa kutu. Kusafisha ungio hilo kwa msasa ni kazi ya dakika kumi, na feni hurudisha sauti yake ya zamani.

Ile tabia ya kufunga feni "dairekti", izunguke kila ufunguo unapowashwa, hatuipendi. Inakula kaboni, inabebesha alternata mzigo asubuhi nzima, na mbaya zaidi inaficha ugonjwa. Ukilazimika, weka swichi ndani ya gari pamoja na rilei na fyuzi yake, usipitishe ampea zote hizo kwenye swichi ya taa uliyookota dukani.

Kwa wenye Hilux za zamani, Land Cruiser, pikapu za Peugeot na Isuzu, feni huendeshwa na mkanda kupitia kikombe chenye mafuta mazito. Injini ikiwa imezimwa na baridi, zungusha panga kwa mkono: linapaswa kukataakataa. Likizunguka mizunguko mitatu minne kama toi, mafuta yameisha. Tazama pia katikati ya kikombe; mistari ya grisi iliyojaa vumbi inatoka hapo. Mkanda nao ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili, usilegee zaidi ya sentimita moja hivi. Mkanda unaong'aa pembeni kama kioo unateleza, hata kama haulii.

Kava ya feni na uchafu usioonekana

Lile fremu la plastiki linaloizunguka feni nyuma ya rejeta huvunjika gari likigongwa kidogo mbele, kisha fundi huliacha chini ya meza ya gereji. Bila hilo feni huvuta upepo kupitia duara lake tu, na pembe zote za rejeta zinabaki bila kazi. Gari likikimbia barabarani hutagundua. Likisimama utagundua. Kama limepotea, tafuta la modeli ileile kwenye maduka ya vipuri vya mtumba. La kutengenezwa kwa bati hufaa pia iwapo panga linabaki na nafasi ya sentimita 2 hivi kutoka ukingoni.

Sehemu nyingine inayotupwa ovyo ni sponji na vipande vya mpira vilivyojaza nafasi kati ya rejeta na bodi, pamoja na ile bati ya plastiki chini ya injini. Kazi yao ni kuzuia hewa moto ya injini isirudi mbele na kupitishwa tena. Kwenye foleni hewa hiyo huzunguka vivyo hivyo, moto juu ya moto. Nunua sponji ya kawaida, ikate, ijaze pande zote nne.

Halafu kuna usafi. Kondensa ya AC hukaa mbele ya rejeta na kati yake huachwa nafasi ya vidole viwili. Humo ndimo huingia vumbi la mitaa ya maram, mbawa za kumbikumbi, majani ya jakaranda na mabaki ya mifuko ya plastiki, ambayo ilipigwa marufuku 2017 lakini bado unaikuta humo. Ukitazama kutoka mbele kondensa inaonekana safi. Jaribu usiku: mtu aangaze tochi upande wa injini, wewe utazame kwenye grili. Penye giza pameziba.

Safisha kwa mpira wa maji wa nyumbani ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotokea. Pulizia maji ya sabuni, subiri dakika kumi, suuza. Mashine ya kuoshea magari isikaribie: presha yake huyalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi upepo. Rejeta ikiwa na utando mgumu, ni afadhali kulegeza nati zake za juu na kuisogeza kidogo uweze kusafisha katikati.

Maji, kulanti na kutoa hewa

Tuseme wazi: maji ya bomba peke yake yanaua injini polepole. Ya visima virefu, ambayo mitaa mingi ya Nairobi hutegemea, huacha magamba meupe ndani ya mirija kama yale ya birika. Kulanti si kwa ajili ya baridi tu. Inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu na inachelewesha kuchemka. Hata hivyo kulanti hubeba joto kidogo kuliko maji, kwa hiyo kuweka tupu bila maji ni kosa vilevile. Hapa kwetu hakuna barafu. Changanya kati ya asilimia 35 na 50, basi.

Soma mtungi. Ile iliyochanganywa tayari haiongezwi maji. Ile nzito ndiyo inayochanganywa. Rangi pekee haithibitishi aina, lakini usichanganye kijani na nyekundu au waridi, kwani baadhi huganda na kuwa uji. Za kijani na nyekundu za kawaida zibadilishe kila miaka 2 au kilomita 40,000. Maji ya kuchanganyia yawe yale ya kuongezea betri, na uhakikishe ni maji, si asidi, kwa kuwa chupa hufanana. Maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa pia.

Injini za cc 1300 hadi 1600 hubeba lita 5 hadi 6. Kwa kazi nzima andaa kulanti nzito lita 3, maji ya kusuuzia lita 15 hadi 20, beseni, koleo na tambara.

1. Anza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Peleka kitufe cha hita kwenye joto la mwisho ili maji ya humo nayo yatoke.

2. Fungua kifuniko, kisha bomba dogo la chini ya rejeta. Likiwa la plastiki, lifungue kwa vidole, maana koleo hulivunja. Kinga kwa beseni. Usimwage mtaroni wala uani: kulanti ina utamu unaovutia mbwa na watoto, na ni sumu.

3. Tazama kilichotoka. Rangi ya chai kavu ni kutu. Utelezi wa mafuta ni habari nyingine, soma sehemu ya gasketi hapa chini.

4. Funga bomba, jaza maji matupu, rudisha kifuniko, washa hadi hosi ya juu iwe moto, halafu acha dakika kumi. Zima, subiri saa nzima, mwaga. Rudia hadi yatoke meupe, kwa kawaida mara mbili au tatu.

5. Ukishamwaga mara ya mwisho, lita moja au mbili za maji hubaki ndani ya bloku. Ndiyo sababu unatangulia na kulanti nzito lita 2.5 hadi 3, kisha unajazia maji. Ukichanganya nje nusu kwa nusu, ndani itakuwa nyepesi kuliko ulivyokusudia.

6. Egesha gari pua ikiwa juu, kwenye mteremko au ukitumia mbao chini ya magurudumu ya mbele. Subaru hasa hushika hewa kwa ukaidi. Mimina polepole huku ukiibinyabinya hosi ya juu, mapovu yatatoka.

7. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Hosi ya juu ikipata moto ghafla na maji yakazama, themostati imefunguka. Ongeza hadi shingoni, funga kifuniko. Miongozo mingi hukuambia usubiri feni iwake kabla ya kufunga. Kwa urefu wa Nairobi usifanye hivyo, hasa ukiwa na maji matupu, kwa sababu yanaweza kuchemka na kukurukia usoni kabla feni haijaamka.

8. Kifuniko kikiwa kimefungwa na AC imezimwa, subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Hita ipulize moto. Ikipuliza baridi, bado kuna hewa ndani.

9. Jaza chupa ya akiba katikati ya alama mbili. Asubuhi inayofuata fungua rejeta uongeze kilichopungua. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Baada ya hapo kiwango kikizidi kushuka, kuna mahali panavuja.

Themostati ikae mahali pake

Ushauri wa "toa themostati, gari litakuwa baridi" umeenea mjini kuliko matatu. Una hatari mbili. Injini itakuwa ikifanya kazi baridi asubuhi, ikinywa mafuta na kuchakaa. Tena kwenye injini nyingi, zikiwemo za Toyota, upande wa pili wa themostati una kisahani kinachofunga njia ya mkato joto likipanda. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kwenye foleni, ambako ndiko ulitaka nafuu, unazidisha joto.

Ipime jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi, isiguse chini, ukiwa na kipimajoto. Ile ya nyuzi 82 ianze kufunguka kati ya 80 na 84. Vitabu vya magari mara nyingi hutaka iwe imefunguka milimita 8 hivi kwenye nyuzi 95, lakini sufuria yako itachemkia 94, kwa hiyo usiihukumu kwa kukosa nusu milimita. Ihukumu ikichelewa kuanza, au isipofunga kabisa ikipoa. Unapoirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndimo hewa hutokea. Badilisha na mpira wake.

Mzunguko wa maji kwa ufupi

Pampu ina kitundu kidogo chini ya puli. Matone au alama nyeupe, kijani au waridi hapo ni sili imechoka. Hosi ya chini ikijikunja mtu akikanyaga mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, springi ya ndani imeoza na maji yanakosa njia. Kapeti la upande wa abiria likiloa bila mvua, hita inavuja. Kipimo cha uhakika cha uvujaji ni pampu ya mkono ya kupimia presha, ambayo gereji nzuri inayo: ipigwe hadi namba ya kifuniko chako, isizidi, na sindano yake isishuke kwa dakika kumi.

Rejeta iliyoziba ndani hupatikana kwa kipimajoto cha miale: injini ikiwa moto, elekeza safu kwa safu, na penye baridi katikati ya moto hapapiti maji. Ya shaba hufunguliwa na kusuguliwa mirija. Ya alumini yenye plastiki, badilisha tu. Fundi akikuambia ameziba mirija minne iliyokuwa ikivuja, umepoteza upoaji wa mirija minne. Binzari, yai bichi na dawa za kuziba matundu ni za kukutoa porini; zikikaa humo huziba hita na rejeta pia.

Geji ya dashibodi usiiamini sana. Magari mengi ya Japani yametengenezwa sindano ibaki katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi, ikianza kupanda umeshachelewa. Gari lenye soketi ya kompyuta likikubali, kifaa kidogo cha kusoma kwa simu kitakupa nyuzi halisi: 85 hadi 98 ni kawaida, 105 na kuendelea tafuta pa kuegesha.

Gasketi ya hedi

Dalili yake ya mapema ni hosi ya juu kuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata joto. Nyingine: mapovu yasiyoisha kwenye shingo ya rejeta, moshi mweupe wenye harufu tamu, mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa. Gereji huthibitisha kwa kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikivuta gesi ya silinda. Hedi ikitolewa, isirudishwe bila kupimwa kwa rula iliyonyooka; injini nyingi za aina hii haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.05. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu.

Ukiwa ndani ya foleni

Acha nafasi ya urefu wa gari moja mbele yako. Unavuta hewa isiyo ya ekzosi ya mwenzako, ingawa bodaboda wataijaza. Gari la otomatiki lililosimama zaidi ya dakika moja liweke N, kwani mafuta ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo na kulishikilia kwa breki kwenye D huyapasha. Sindano ikigusa juu ya nusu, zima AC, fungua madirisha, washa hita yote na kipulizo chake cha mwisho. Utateseka, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Liweke N na upandishe mizunguko hadi 1,500 kwa nusu dakika, pampu isukume maji. Feni ya mkanda itaongeza kasi pia.

Usipande Expressway ukitarajia upepo utalipoza. Ikiwa maji yamepungua, upepo hautasaidia, na huko juu huna pa kutokea hadi kituo kinachofuata.

Likichemka

Mvuke ukitoka au sindano ikigonga nyekundu, tafuta ukingo, zima, fungua boneti kutokea ndani na usimame kando kabla ya kuinua. Weka alama za pembetatu nyuma. Subiri dakika 30 hadi 45. Atakuja mtu na tambara akitaka kukufungulia kifuniko dakika ya tano, mkatalie. Maji yaliyo chini ya presha huchemka yote kwa mkupuo presha ikiachiliwa, na huchoma uso na mikono.

Hosi ya juu ikibonyea kwa urahisi bila kukuunguza, funika kifuniko kwa tambara nene, kigeuze hadi hatua ya kwanza, acha kipumue, ndipo ukifungue. Usimwage maji baridi juu ya injini moto wala kuyajaza kwa haraka. Hedi ya alumini hupinda na bloku inaweza kupasuka. Injini ikiwa imepoa, iwashe uongeze polepole, glasi kwa glasi. Beba lita 5 kwenye buti, maana zile chupa za nusu lita za wachuuzi zitakumaliza pesa.

Tazama chini ya gari wakati unaongeza. Maji yakitiririka, panapovuja pafungwe tambara au hosi ikatwe na kuunganishwa upya, vinginevyo unajaza gunia lililotoboka. Yakikaa, endesha polepole ukiwa umezima AC na hita imewashwa, ukisimama kila kilomita 3 au 4 kutazama. Lakini hosi ya juu ikiwa ngumu ndani ya dakika ya kwanza tangu uwashe, zima palepale na uite brekidauni.